Miti ya Waliohama

9 Novemba

Leo nimepanga upya kabati la vyombo, mara ya pili wiki hii. Mume wangu akasimama mlangoni akaniuliza, "Unatafuta nini, Mama Pranita?" Sitafuti kitu. Mikono tu ndiyo haitaki kukaa. Nimeona heri niandike. Kalamu haipigi kelele kama masufuria.

Joto la hapa Lautoka, mjini kwetu kisiwani, limefika pale pa kukaba koo. Kila alasiri mawingu yanajazana juu ya milima, yananuna, halafu yanaondoka bila kudondosha tone. Kiwanda cha sukari bado kinasaga miwa, na majivu yake meusi yanatua juu ya nguo nilizoanika. Mume wangu, Dewendra, ni fundi wa mitambo hukohuko kiwandani. Mimi nilifundisha watoto wadogo mpaka mwaka jana. Tangu niache chaki sijui watu wengine huwa wanafanya nini asubuhi nzima.

Kilichopo ni hiki. Pranita, mtoto wetu wa pekee, yuko Brisbane, Australia, na mumewe, na atajifungua mwishoni mwa Aprili. Anataka tuhamie kwake moja kwa moja. Kilichobaki ni kupimwa afya tu kwa ajili ya visa, mimi na baba yake. Baba yake anasema tumalize kwanza msimu wa kusaga.

10 Novemba

Joto. Majivu. Nimefua tena.

15 Novemba

Leo kikundi cha bonsai, sisi tunaolea miti midogo kwenye vyungu, kilikutana kwetu. Zamani watu walikuwa wanakosa pa kukaa uani, wengine wanakalia ndoo. Sasa tumebaki nyumba tatu, na Jumatatu tutabaki mbili, maana Muttu Sami na mkewe Narsamma wanahamia Auckland kwa mtoto wao.

Muttu alileta mkwaju wake umeviringishwa kwenye sari kuukuu ya Narsamma, kama mgonjwa. Mbegu yake aliitoa shambani kwa baba yake, kule Ba, kabla mkataba wa kukodi ardhi haujaisha na watu wengine kupanda mihogo yao pale. Shamba limekwenda, baba amekwenda, umebaki mti usiofika kiunoni, na shina lake nene limejikunja kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Aliuweka kwenye benchi yetu, akaugeuza, akarudi nyuma, akaugeuza tena.

"Dewa, usiumwagilie jioni. Asubuhi tu."

"Muttu, miaka yote hii ulidhani miti yangu nainywesha bia?"

"Nakwambia tu, kaka. Nisipokwambia sitalala."

Losalini, jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye ni muuguzi na ana vidole vyepesi kuliko vyetu sote vya kufunga waya kwenye matawi, alikuwa akiuangalia tu ule mkwaju. Mumewe Iliesa ni dereva wa lori, mtu wa mwili mkubwa, huja kwa ajili ya kava tu, kinywaji chetu cha mizizi. Alishika kifuu chake, akatikisa kichwa.

"Nyie mna vituko. Mti mnautilia mbolea ukue, ukikua mnaukata. Sasa maskini ya Mungu ashike lipi?"

"Nyamaza wewe," Losalini akamjibu. "Na wewe nakulisha kila siku, nani amekukata?"

Tulicheka mpaka Narsamma akapaliwa na chai, na alipomaliza kukohoa tukaona analia. Akanishika mkono. "Na nyie lini, Ambika?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anamimina kava. "Karibuni," akasema, lakini alikiambia kifuu.

18 Novemba

Wameondoka. Nyumba yao imefungwa kufuli jipya linalong'aa.

Dewendra amesogeza miti yetu ili mkwaju wa Muttu upate nafasi ya mbele. Mvinje wangu, ambao nimeulea tangu Pranita aanze darasa la kwanza, sasa umekaa mwisho wa benchi, karibu na bomba la maji. Nikamuuliza kwa nini wangu. Akasema mvinje hauna kinyongo.

24 Novemba

Muttu amepiga simu ya video. Hakutaka kutuona sisi. "Peleka simu kwenye mti, Dewa. Sogea. Sogea tena. Hilo jani la njano ni la nini?" Nyuma yake dirishani nilimwona Narsamma kavaa koti nyumbani, mchana.

3 Desemba

Kiwanda kimezima. Ukimya wake unaingia masikioni kuliko kelele yake. Sasa ni wakati wa kukarabati mitambo, na Dewendra anarudi mapema, oili imemjaa mpaka kwenye nyusi. Nikamkumbusha kuhusu kupimwa afya. "Mwaka huu ndio huo unakwisha," akasema. "Tuanze mwaka mpya na mambo mapya."

Maneno mazuri. Nimeyageuza kichwani siku nzima na sikuona pa kuyashikia.

11 Desemba

Mvua! Iliteremka yote mara moja kama mtu amepindua pipa. Nilisimama uani na nguo zangu, Losalini akasimama kwake na za kwake, tukaitana kwa kelele juu ya uzio kama watoto. Kisha ikakatika, jua likatoka, na ardhi ikaanza kufuka moshi. Joto limerudi likiwa limelowana.

20 Desemba

Hanif amepiga simu kutoka Kanada. Yeye naye alikuwa wa kikundi, aliondoka mwaka juzi, akatuachia miti minne. Kwao kuna theluji hadi madirishani. Anasema gari haliwaki, goti linamuuma, na je, zile bogenvilia zake zimetoa maua? Nikamwambia zimetoa. "Nipigie picha," akasema. "Lakini usipige ule ukuta wenu uliopasuka." Hanif hajabadilika.

Baada yake akapiga Pranita. Amepanga siku ya sisi kupimwa: tarehe nane Januari, hospitali ya binafsi, Nadi. "Mama, hakikisha baba anakuja."

"Atakuja."

Dewendra alikuwa pembeni, anasikia. Simu ilipokatika akasema, "Sasa tukiondoka, nani atamwagilia?"

"Tutatafuta mtu."

"Mtu gani? Na huwezi kwenda nayo. Australia hawaruhusu hata jani lipite."

Nikamwambia kwamba miti mingine tutawapa watu. Akatoka nje. Nilimsikia anafagia uani, mahali nilipokwisha kufagia.

2 Januari

Mvua. Mbu. Mwaka mpya na mambo yaleyale.

8 Januari

Nimepimwa afya peke yangu kama mjane.

Asubuhi nilikuwa nimevaa, nimefunga mlango wa jikoni, namsubiri barazani. Hakuja. Nikamfuata nyuma ya nyumba, nikamkuta amepiga magoti kwenye matope, mkwaju wa Muttu umetolewa kwenye chungu, mizizi iko wazi juu ya gunia.

"Baba Pranita, unafanya nini?"

"Mizizi inaoza. Mvua imezidi, maji yametuama ndani. Nisipoibadilishia udongo sasa hivi mti unakufa."

"Sasa hivi?"

"Unautaka ufe? Nimwambie nini Muttu?"

Niliitazama ile mizizi. Mimi si mgeni wa kazi hii. Ilikuwa na weusi kidogo kwenye ncha, si zaidi. Ingeweza kungoja mpaka jioni, ingeweza kungoja mpaka Jumamosi. Lakini alikuwa anaikata kwa haraka, nikaona siwezi kubishana na mtu aliyepiga magoti. Nikaenda.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole. "Na mzee wako?" akauliza. Nikasema ana mgonjwa.

19 Januari

Leo lilisimama gari getini, akashuka mtu nisiyemjua na vyungu vitatu vya miti. Anahamia Sydney na familia. "Fundi Dewa aliniambia nafasi ipo," akasema.

Nafasi haipo. Benchi zimejaa, na tumeanza kupanga juu ya matofali. Dewendra alivipokea vile vyungu kwa mikono miwili kama mtu anayepewa zawadi. Nilipomuuliza alimwambia lini, akasema, "Wakati fulani, kiwandani." Halafu akaenda kutafuta matofali mengine.

Huruma, nilidhani. Nimemwona hivyo maisha yangu yote pamoja naye: mtu asiyeweza kusema hapana. Lakini leo, namna alivyovipokea imenikaa vibaya.

25 Januari

Siwezi kusoma, siwezi kushona. Nimesafisha tangi la maji. Nimetoa taa za sikukuu ya Diwali barazani, miezi imepita.

3 Februari

Redio inasema kuna kimbunga kinakuja kutoka kaskazini magharibi. Kinaweza kupinda. Kinaweza kisipinde.

7 Februari

Umeme bado haujarudi, naandika nimekaa mlangoni kwa mwanga wa jua.

Hakikupinda.

Tarehe tano asubuhi anga lilikuwa na rangi ya shaba, hakuna jani linalotikisika. Dewendra alipigilia mbao madirishani, Iliesa akaja kumsaidia, kisha akarudi kwake. Nikapika roti nyingi, chapati zetu, nikajaza maji kila chombo. Ndipo tukaanza kuingiza miti.

Alianza na mkwaju wa Muttu. Huo nilimshikia mlango. Halafu bogenvilia za Hanif. Halafu vile vyungu vya yule wa Sydney, ambaye mpaka leo jina lake silijui. Halafu miti ya walioondoka zamani, ambao hata simu hawapigi. Bafuni, juu ya meza, chini ya meza, kwenye korido, mpaka kitandani kwetu juu ya turubai. Mimi nabeba, yeye anabeba, jasho linatutoka, na tope limeingia nyumba nzima. Upepo ukaanza kupiga filimbi kwenye waya za umeme.

"Na yetu?" nikamuuliza.

"Inakuja. Kwanza ya watu."

"Baba Pranita, nafasi inakwisha."

"Ya watu tumepewa tuitunze! Yetu ikifa, imekufa yetu."

Mvua ikafika kwa ubavu, si kwa juu. Bati la choo cha zamani likaruka likapita juu ya uzio kama gazeti. Nje kulikuwa kumebaki mtini wake mkubwa, ule wenye mizizi ya hewani, tuliouanza wote wawili kabla hatujanunua hata kitanda. Na mvinje wangu mwisho wa benchi. Nikavua kanga kichwani nikatoka. Akanikamata mkono. Nikamsukuma. Sijawahi kumsukuma mume wangu. Tukawa tunavutana mlangoni, upepo unapiga kelele kutushinda, yeye anasema "Utakufa kwa ajili ya kijiti?" na mimi nasema "Chako kijiti! Changu si kijiti!" Ndipo benchi ikanyanyuka. Niliiona. Ilinyanyuka upande mmoja taratibu, kama mtu anayeamka, halafu haikuwepo tena.

Tukafunga mlango. Tukakaa kwenye korido katikati ya miti ya watu, magoti kwa magoti. Matawi yalikuwa yananichoma mgongoni. Mabati mawili ya jikoni yaliondoka, tukasikia maji yanamiminika juu ya jiko langu, na hatukuweza kufanya lolote. Alinishika mkono. Nilimwachia aushike kwa sababu niliogopa. Lakini sikumshika wake.

Baada ya saa nyingi upepo ukalegea. Tulipofungua mlango, uani palikuwa peupe. Mtini wake tuliupata mtaroni, umepasuka shina. Mvinje wangu hatujaupata. Nimetafuta mpaka kwenye miwa, nyuma ya barabara.

Losalini na Iliesa ni wazima, nyumba yao ni nzima. Losalini aliniona nikitafuta, akaja akatafuta na mimi bila kuuliza natafuta nini.

9 Februari

Simu zimerudi. Wa kwanza alikuwa Pranita, akilia, tukamtuliza.

Wa pili Hanif: "Bogenvilia zangu ziko salama?"

Wa tatu mtu wa Sydney: "Samahani kwa usumbufu, vile vyungu..."

Wa nne Muttu. "Dewa! Mkwaju! Nionyeshe mkwaju!" Dewendra akamwonyesha. Muttu akafunika uso kwa mikono, akamshukuru Mungu wake, akamshukuru Dewendra, akauliza kama tawi la kushoto limesogea. Nilikuwa nimesimama palepale na ndoo ya maji machafu niliyoyakomba jikoni, naonekana kabisa kwenye simu.

Ghafla kioo kikayumba, Narsamma akawa ameinyakua simu kutoka kwa mumewe. "Nipe Ambika." Nikaipokea, nikaenda nayo jikoni, chini ya tundu la paa.

"Umekula?" akaniuliza.

Ndipo nililia. Kwa kimbunga kizima sikulia, nikalia kwa neno hilo. Nikamwambia kuhusu mvinje. Nikamwambia kuhusu miti ya watu kitandani kwangu, na jinsi mume wangu asivyojua kukataa mizigo ya wenzake.

Narsamma akasogeza uso karibu na kioo. "Ambika, mbona sisi mkwaju tulimwahidi Losalini? Ni mumeo aliyekuja kuuomba. Alikuja mara mbili. Nikamwambia Muttu, hawa nao wanahama, mti watamwachia nani? Muttu akasema, Dewa kaniambia hawaendi popote."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Nikadhani mmekubaliana."

10 Februari

Nimemuuliza Losalini kama ni kweli. Alikuwa anaanika blanketi, hakunitazama. "Kaka Dewa alisema mnauhitaji zaidi. Nikasema sawa. Dada, mimi nilijua kuna jambo. Sikutaka kuwa mimi wa kuliuliza."

12 Februari

Namtazama anavyomwagilia. Miaka yote nilimwona mtu mwenye moyo laini, anayebebeshwa. Kumbe alikuwa anakusanya mawe ya kujifungia miguuni, moja moja, na kila jiwe ana jina la kulisingizia.

Sijasema kitu. Nazungukazunguka. Nimevunja kikombe kwa kukishika vibaya.

13 Februari

Mvua tangu alfajiri. Sijasema.

16 Februari

Nimesema.

Ilikuwa asubuhi, ameweka turubai uani, anazifunga waya upya bogenvilia za Hanif. Nilimwita jina lake, Dewendra, jambo ambalo mimi na yeye hatufanyi. Koleo likamwanguka.

"Uliwaambia watu hatuendi popote."

Hakuuliza ni nani kaniambia. Aliokota koleo, akalifuta kwenye suruali, akaliweka chini tena. "Ndiyo."

"Na mimi uliniambia nini? Msimu ukiisha. Mwaka ukiisha. Mizizi inaoza!"

"Ilikuwa inaoza."

"Dewendra!"

Akakaa chini kwenye unyevu. Alionekana mzee. "Unakumbuka tulipokwenda kwao mwaka ule, miezi miwili? Mkwe wetu kijana mzuri sana. Kila kitu baba karibu, baba pumzika, baba acha nitafanya mimi. Siku moja nikaona mlango wa kabati umelegea, nikatafuta bisibisi. Akaja mbio akaninyang'anya, kwa heshima, akasema atamwita fundi." Akacheka kidogo bila furaha. "Fundi! Nikarudi kukaa dirishani. Pale mimi ni mzigo uliopangwa vizuri, Mama Pranita. Hauvunjiki, haulowani, umewekwa tu."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia sitaki kwenda, ungefanya nini?"

"Ningekwenda peke yangu!"

"Basi," akasema. "Ndiyo hiyo niliyoiogopa. Nilishindwa kukwambia hapana, nikatafuta kitu cha kusema hapana badala yangu."

"Na mvinje wangu ukafa kwa ajili hiyo."

Machozi yalimtoka, akayaacha. Mimi nilikuwa na hasira ambayo hata machozi yake hayakuizima. Niliingia ndani, nikalala chini ya feni mchana kweupe, na jambo la ajabu, nikapata usingizi. Sikuwa nimelala vizuri tangu Novemba.

17 Februari

Hatusemeshani.

18 Februari

Tumesemeshana kuhusu chumvi.

22 Februari

Nimemwambia uamuzi wangu wakati tunakula. Nakwenda Brisbane mwanzoni mwa Aprili kumpokea mjukuu. Nitakaa mpaka Agosti. Si kuhama. Baada ya hapo nitaona. Nikamwambia pia: sitakwenda nikuache umezungukwa na miti ya watu ambao hata hawakuuliza kama tu hai. Ukitaka kubaki, baki kwa mdomo wako mwenyewe.

Alitafuna roti yake mpaka ikaisha. "Utaona nini baada ya hapo?"

"Sijui. Na wewe usiniulize kila siku."

1 Machi

Amewapigia simu wote, mwenyewe, mmoja mmoja, amesimama uani kwenye jua. Mtu wa Sydney akasema gawa tu, kaka, asante. Hanif alifoka kwanza, akasema ningejua ningemwachia shemeji yangu kule Nausori, halafu akacheka, akasema mpe yeyote asiyekuwa na mbuzi.

Muttu ndiye aliyekuwa mgumu. "Kwa hiyo na nyie mnahama?"

"Hapana. Mama Pranita anakwenda kumwona mtoto. Mimi nabaki, kwa sababu nataka kubaki. Lakini mkwaju nilikuomba kwa uongo, Muttu. Ulikuwa wa Losalini. Nataka nimpelekee."

"Mti wa baba yangu unauhamishahamisha kama kuku?"

"Ni wako. Sema wewe."

"Sina la kusema," Muttu akasema, akakata. Dewendra alibaki anaitazama simu. Tangu darasa la tatu hawajawahi kukatiana maneno, hao wawili.

9 Machi

Jumapili. Muttu, ambaye hupiga kila Jumapili, hakupiga.

16 Machi

Hakupiga. Dewendra ameubeba mkwaju akaupeleka barazani, akaurudisha.

20 Machi

Narsamma amenipigia. Anasema mzee wake huzunguka nyumba ya mtoto wao akipima madirisha kwa macho, lipi linapata jua. Alinunua mche dukani, ukafa kwa baridi. "Nilimwambia, una hasira na Dewa kwa sababu yeye kasema ulichoshindwa kusema wewe. Akanitolea macho. Lakini hakubisha."

23 Machi

Jumapili. Simu imelia tunapokunywa chai. Muttu, amenyoa, amevaa shati la sherehe.

"Dewa."

"Muttu."

"Mpe Losalini. Mwambie asiumwagilie jioni."

"Nitamwambia."

"Na wewe," akasema, "wewe bado uko uani kwako, mwanaharamu mwenye bahati. Nionyeshe uani. Acha miti. Nionyeshe tu pale chini."

Dewendra akaelekeza simu kwenye ardhi tupu, kwenye matope, kwenye jozi ya ndala zangu. Muttu akatazama kwa muda mrefu.

29 Machi

Iliesa alikuja na lori lake la kokoto kuchukua mti mmoja na kuupeleka nyumba ya pili kutoka kwetu. Nikamuuliza kwa nini asiubebe kwa mkono. "Nikianguka je?" akasema. Losalini alikaa mbele, mkwaju magotini, wakaenda mwendo wa harusi.

Mingine imechukuliwa na shule yangu ya zamani na majirani wa mtaa wa nyuma. Benchi tatu zimebaki tupu. Dewendra amepanda mbegu za mvinje kwenye kisahani. Aliniambia mwenyewe, hakuficha. Nikamwambia haziwi mvinje wangu hizo. Akasema anajua.

5 Aprili

Amenifikisha uwanja wa ndege wa Nadi. Tulinyamaza njia nzima, lakini ukimya wa kawaida, wa watu waliochoka. Aliuliza namna ya kukaanga bizari bila kuiunguza. Nikamweleza. Akauliza tena.

12 Aprili, Brisbane

Hapa mikono yangu imepata kazi: kukunja nguo ndogo, kusugua miguu ya Pranita iliyovimba. Nitaandika ukweli: siku tatu za kwanza sikuikumbuka Lautoka hata mara moja. Hilo limenitisha. Sikumwambia mtu.

20 Aprili

Dewendra anapiga kila jioni. Dengu imeungua. Dengu haikuungua. Paa la jikoni amelimaliza, yeye na Iliesa. Hajaniuliza hata mara moja narudi lini. Nami nimeanza kuingoja simu yake, nakaa karibu nayo.

27 Aprili

Msichana! Ana nywele nyingi na sauti kubwa. Pranita ni mzima. Nilimpigia baba yake kutoka hospitali, nikamwekea mtoto mbele ya simu. Alimtazama, akageuka pembeni. Aliporudi akasema, "Hasira hizo ni za mama yangu."

4 Mei

Leo kapiga mapema kuliko kawaida, asubuhi, nimembeba mtoto begani.

"Nimeomba visa," akasema. "Ya kutembelea. Wiki tatu."

Nikamhamishia mtoto bega la pili.

"Tiketi ya kurudi nimeshaikata. Nilikata ya kurudi kwanza, kabla ya ya kuja. Mtu wa tiketi akanicheka."

"Nani atamwagilia?" nikauliza. Sikukusudia kumchoma. Lilitoka tu.

"Losalini. Nimemwomba, kakubali." Kisha akakohoa kidogo, kama afanyavyo akiona haya. "Mwambie mkwe wetu aniachie ule mlango wa kabati. Asimwite mtu."

Mtoto akajinyoosha begani kwangu. Nje ya dirisha jua lilikuwa limeshatoka, lakini majirani walikuwa wanatembea wamekunja mikono.

"Huko baridi ikoje?" akaniuliza.

"Ya asubuhi inauma," nikamwambia. "Njoo na sweta."